Mazungumzo ya 11: Akili ya Mtoto Mwenye Usonji Hupita Njia Gani?

  Vuta kiti, na kama uko jikoni punguza moto kidogo, tuzungumze.

Katika mazungumzo yaliyotangulia tulieleza dalili za usonji, kwa hiyo leo nitazipitia kwa ufupi tu. Mtoto amefika mwaka mmoja na hageuki akiitwa jina lake. Amefika mwaka mmoja na nusu na haonyeshi kitu kwa kidole. Au alikuwa na maneno machache, halafu maneno yakapotea. Ukiona hayo, usiambiwe na jirani kwamba wavulana huchelewa kusema. Mpeleke akapimwe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji, kwa hiyo hata katika mtaa wako si wewe peke yako.

Leo nataka tuongee juu ya swali ambalo akina mama huliuliza kwa sauti ya chini, mara nyingi wakiwa wameshaaga na mkono uko mlangoni: "Daktari, huyu mtoto kweli ana akili?" (Kliniki zetu ni hivyo, kila aliyevaa koti jeupe ni daktari.) Jibu ni kwamba ana akili, lakini inapita njia ambayo wewe hujaizoea. Usipoijua njia hiyo utamchapa kwa kosa ambalo hakulifanya, na siku akipotea hutajua pa kumtafutia. Ndiyo maana nasema jambo hili si la wataalamu peke yao.

Tuanze na kule kujua jambo bila kufundishwa. Wewe mama ukipanda matatu pale mjini, kabla hujaketi umeshajua ni abiria yupi utakaa kando yake na yupi utamkwepa. Ukiulizwa umejuaje, utasema moyo umekuambia. Kwa kweli ni ubongo wako uliofanya hesabu ya haraka. Tangu ukiwa mtoto mgongoni umetazama nyuso maelfu, ukasikia sauti za hasira na sauti za utani, na yote hayo yamewekwa akiba. Siku hizi ukitazama uso, jibu linakuja lenyewe.

Sasa fikiria mtoto ambaye tangu mdogo macho yake hayakuvutwa sana na nyuso. Yalivutwa na gurudumu linalozunguka, na vifuniko vya soda, na namba zilizoandikwa mbele ya magari. Yeye pia ameweka akiba, ila akiba yake ni ya vitu. Ndiyo maana anaweza kujua kwa mngurumo tu kwamba gari linalokuja ni la baba, wakati wewe hujasikia kitu. Umesogeza kabati kidogo ukifagia, naye akiingia anaona mara moja na kuanza kulia mpaka lirudi. Mmepita njia ya mkato kutoka Kawangware hadi Lavington mara moja, miezi mitatu iliyopita, naye anaikumbuka kona kwa kona. Lakini mgeni akikunja uso kwa sababu mtoto amemwagia chai, yeye haoni kama mgeni amekasirika. Utafikiri ni dharau, na hakuna dharau hapo. Uso wa mgeni haukumpa habari yoyote.

Kwa muda mrefu wataalamu wenyewe walisema watu wenye usonji hawana kujua kwa moyo, wanajua kwa kupiga hesabu polepole tu. Utafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, wa mwaka 2016 ulionekana kuunga mkono maneno hayo. Lakini mwaka 2022 watafiti walirudia swali hilo hilo kwa kundi kubwa zaidi, na tofauti ile hawakuiona. Mimi naona akina mama wa watoto hawa wangewaambia mapema, kama wangeulizwa.

Kuna mtafiti wa Uingereza, Damian Milton, ambaye yeye mwenyewe ana usonji. Mwaka 2012 aliandika kwamba tatizo la kutoelewana lina pande mbili. Mwenye usonji hamsomi vizuri asiye nao, na asiye nao hamsomi mwenye usonji pia. Ila lawama hutupiwa upande mmoja. Baadaye watafiti walijaribu mchezo ambao sote tuliucheza shuleni, ule wa kunong'onezana hadithi kutoka mtu hadi mtu kuona itafikaje mwisho. Walipanga watu wenye usonji peke yao katika mstari mmoja, na wasio na usonji katika mstari mwingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, na jaribio kubwa zaidi likachapishwa mwaka 2025. Mara zote mbili mstari wa wenye usonji ulifikisha hadithi sawa na ule mwingine. Kwa hiyo wanajua kupashana habari. Kumbuka hilo siku mwalimu atakapokuambia mtoto wako hawezi kuwasiliana.

Kabla sijaendelea, niseme neno moja juu ya wale wanaosema mtoto anayejua mambo hivi ana mashetani, na wale wengine wanaosema ana maono, ni nabii mdogo. Wote wawili wamekosea. Mtoto akikataa kunywa maji ya tangi huenda amenusa kitu ambacho pua yako haijafikia. Akilia kabla ya mvua, huenda radi ya mbali imemfikia masikioni mapema. Hakuna jini hapo. Na anayekutaka pesa ili amtoe jini huyo, weka pesa yako mfukoni. Itakusaidia kwa nauli ya kliniki.

Sasa tuingie katika namna za kufikiri. Mwanamke mmoja wa Marekani anayeitwa Temple Grandin, aliyezaliwa mwaka 1947, hakuzungumza mpaka karibu miaka minne. Madaktari walishauri awekwe katika taasisi, mama yake akakataa. Leo ni profesa wa elimu ya wanyama, na mwaka 1995 alitoa kitabu akieleza kwamba yeye hafikiri kwa maneno, hufikiri kwa picha. Ukimtajia kanisa, hapati neno kanisa kichwani. Anaona kanisa moja moja alizowahi kuziona, kama picha zinazofuatana.

Ninyi mnaoishi Dagoretti mtaelewa vizuri kazi iliyompa sifa, kwa sababu mnaona ng'ombe wakiswagwa kwenda machinjioni kila wiki. Mnajua jinsi ng'ombe anavyoweza kusimama ghafla, na fimbo zote za dunia zisimsogeze. Grandin alifanya jambo ambalo wengine hawakulifikiria. Aliingia mwenyewe katika njia ya ng'ombe, akainama kufikia kimo cha macho yao, akaangalia wanachokiona. Akakuta mnyororo unaoning'inia, kivuli sakafuni, koti lililotundikwa uani. Vitu hivyo vikiondolewa, ng'ombe hupita bila kupigwa. Machinjio mengi ya Marekani na Kanada yakabadilishwa kwa michoro na ushauri wake. Watu waliokuwa wamefanya kazi hiyo miaka mingi walikuwa wakimtazama ng'ombe. Yeye alitazama alichotazama ng'ombe. Huo ndio ubunifu tunaouzungumzia.

Grandin alianza kwa kudhani kila mwenye usonji anafikiri kwa picha kama yeye. Wengine walipomwandikia kwamba wao sivyo, alikubali, na sasa anasema kuna wa aina tatu: wanaofikiri kwa picha, wanaofikiri kwa mpangilio kama wa hesabu na muziki, na wanaofikiri kwa maneno, wale wanaoweza kukupa orodha ya timu zote na magoli yote. Usihangaike kumtia wako katika fungu moja. Wengi wamechanganyika. Mtazame tu anapocheza peke yake. Akipanga vifuniko vya soda mstari mrefu, usivivuruge ukisema ni mchezo wa kijinga. Angalia amevipanga kwa rangi, au kwa ukubwa, au kwa mahali vilipookotwa. Hapo unasoma kichwa chake kama vile unavyosoma gazeti.

Na maneno je? Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa watoto wengi huonekana wamechanganyikiwa. Mtoto anarudia maneno aliyoyasikia, ya redio, ya matangazo, ya makanga. Unamuuliza, "Utakula nini?" naye anakujibu, "Utakula nini?" Unamwekea ugali, naye akishashiba anasukuma sahani na kupaza sauti, "Shukisha hapo!" Wageni wanacheka. Wewe unaona aibu.

Tafadhali usione aibu. Fikiria neno hilo linasemwa wakati gani. Abiria hulisema safari yake ikiisha. Mtoto ameshiba, safari ya chakula imeisha, naye amechukua neno la matatu akalileta mezani. Daktari Leo Kanner, ambaye mwaka 1943 aliandika juu ya watoto 11 huko Marekani na kuufanya usonji ujulikane, alirudi mwaka 1946 akaandika juu ya jambo hili hili. Alimtaja mtoto aliyekuwa akisema maneno ya wimbo wa watoto kila akiona sufuria. Watu hawakuelewa mpaka mama akakumbuka: siku moja, mtoto akiwa na miaka miwili, mama alikuwa akimwimbia wimbo huo na sufuria ikamponyoka mkononi. Tangu siku hiyo sufuria ikawa na jina la wimbo. Kanner aliona kwamba maneno ya watoto hawa yanafanana na ya washairi, ila mshairi hukupa ufunguo, na mtoto ameubaki nao.

Ufunguo huo, mama, mara nyingi uko kwako. Wewe ndiye uliyekuwapo sufuria ilipoanguka. Daktari hakuwapo. Kwa hiyo nunua daftari dogo, na kila mtoto akisema jambo lisiloeleweka, andika alisema nini, wapi, na kabla yake kulitokea nini. Baada ya wiki mbili au tatu utaanza kuona maana. Daftari hilo peleka kliniki. Litamsaidia mtaalamu kuliko maelezo ya kukumbuka haraka haraka ukiwa kwenye foleni. Kama "Beba! Beba!" maana yake ni kwamba anataka kutoka nje, muitikie, "Ndiyo, tunatoka nje," ili polepole apate na neno letu pia. Na usiache kumsemesha kwa lugha ya nyumbani kwa sababu mtu alikuambia lugha mbili zitamchanganya. Uchunguzi uliofanywa kwa watoto wenye usonji wanaolelewa kwa lugha mbili haukuona kwamba lugha ya pili iliwarudisha nyuma.

Watafiti wa vyuo vikuu vya East Anglia na Stirling, huko Uingereza, waliuliza watu zaidi ya 300 swali rahisi: kibanio cha karatasi kinaweza kufanya kazi gani nyingine? Wengi walitoa majibu mengi ya kawaida, kama ndoano au pini. Waliokuwa na tabia nyingi za usonji walitoa majibu machache, lakini majibu yao yalikuwa nadra: kwamba kinaweza kuwa uzito wa mbele wa ndege ya karatasi, au waya wa kushikilia ua lililokatwa. Hiyo ilikuwa mwaka 2015. Mama, ukimuuliza mwanao jambo naye akakawia, usimjibie. Hesabu kimya kimya mpaka kumi. Huenda ana jibu moja tu, na halifanani na lako.

Nisikudanganye pia. Wapo wachache wenye kipaji cha kushangaza, kama Stephen Wiltshire wa London, aliyezaliwa mwaka 1974, ambaye hurushwa kwa helikopta juu ya mji kisha akauchora kwa kumbukumbu, nyumba kwa nyumba. Watoto wengi wenye usonji hawako hivyo. Wako wenye ulemavu wa akili pamoja na usonji, wako wenye kifafa, wako watakaohitaji kuoshwa na kulishwa wakiwa watu wazima. Mtoto hahitaji kuwa na kipaji ndipo apendwe au apelekwe shule. Nasema hivi kwa sababu nimeona akina mama wakitafuta kipaji kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka, na mtoto amechoka.

Lakini pia usikubali haraka karatasi inayosema hana uwezo. Mwaka 2007 watafiti wa Kanada waliwapima watoto 38 wenye usonji kwa mitihani miwili ya akili. Mmoja unategemea sana maneno na maelezo ya mdomo. Mwingine ni wa maumbo: unaona michoro yenye nafasi wazi, unachagua mchoro wa kujaza. Tuseme watoto 100 wamesimama foleni kutoka wa chini hadi wa juu. Katika mtihani wa kwanza watoto hao, kwa wastani, walisimama karibu nafasi ya 26 kutoka chini. Katika ule wa maumbo, watoto hao hao walisimama karibu nafasi ya 56. Kwa hiyo mtoto wako akipimwa, uliza kwa heshima, "Daktari, umempima kwa maneno au kwa maumbo?" Una haki ya kuuliza.

Nyumbani basi, mwonyeshe zaidi ya kumwambia. Kata pakiti ya unga iliyokwisha, uchore upande wa ndani: beseni la kuoga, kikombe cha uji, viatu, basi la shule. Zipange ukutani kwa mfuatano wa asubuhi. Hujui kuchora? Mwonyeshe kitu chenyewe. Viatu mkononi maana yake tunatoka. Kama anapenda matatu, hesabu ianzie hapo. Kuna 46 ya Kawangware, 23 ya Kangemi, 105 ya Kikuyu, 111 ya Ngong. Ni ipi kubwa? Mtoto aliyekataa kitabu cha hesabu mwaka mzima anaweza kujibu hilo kabla hujamaliza kuuliza. Mpe pia kazi za jikoni zinazofaa akili yake. Kuchambua maharagwe ya githeri, kutoa mawe na mbovu, ni kazi anayoweza kuifanya vizuri kukushinda.

Mjini mpeleke mapema, kabla honi za Tom Mboya hazijachangamka. Kama ni lazima mwende saa za msongamano, mfunike masikio kwa kofia nzito. Akianza kupiga kelele ndani ya gari lenye muziki mkubwa, si utundu. Sikio lake linaumia. Keti karibu na mlango, na usiogope kushuka kabla ya kituo.

Jambo la mwisho nalisema polepole, kwa sababu ni la uhai. Watoto wengi wenye usonji hutoka nyumbani bila kuaga. Mtoto hakukimbii wewe. Anakwenda kwenye kitu ambacho akili yake imekifikiria. Basi akipotea, usianze kwa majirani ambao hawajui. Anza pale anapopenda. Kama anapenda magari, mtu mmoja akimbilie stendi. Kama anapenda maji, wa kwanza kabisa aende mtoni, kwenye bwawa, au kwenye yale mashimo ya machimbo ya mawe yanayojaa wakati wa mvua, kwa sababu hapo dakika chache zinatosha. Mwenye simu apige polisi wakati huo huo. Na leo jioni, kabla hujalala, shona kitambaa ndani ya shati lake chenye namba yako ya simu. Usiandike jina lake kwa nje. Mtu mbaya akimwita kwa jina, atamfuata.

Sasa, uende wapi? Anza na kliniki ya watoto iliyo karibu, uombe barua ya rufaa. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina wataalamu wa afya ya akili ya watoto na wale wa tiba ya vitendo. Kwa masomo, uliza kituo cha kupima na kuelekeza watoto cha Wizara ya Elimu katika eneo lako. Vituo hivi vilianza mwaka 1984, na huduma yake ni haki ya mtoto. Shule ya msingi ya City, pale Ngara, ilifunguliwa kitengo cha watoto wenye usonji mwaka 2003, kwa juhudi za wazazi wenyewe wa Chama cha Usonji cha Kenya. Wanaoishi upande wa Kilimani wanaweza kuuliza Jacaranda Special School. Kadi ya ulemavu hutolewa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu baada ya mtoto kukaguliwa hospitalini.

Beba cheti cha kuzaliwa, kitabu cha kliniki, na lile daftari. Kama mtoto hawezi kusubiri kwenye foleni, mwambie muuguzi wa mapokezi mara tu mnapofika, na umbebee vile vifuniko vyake vya soda.